E-Rate si bure, na laptopu hazimo

Kama unaishi Marekani, isome bili yako ya simu mpaka chini kabisa. Mara nyingi utakuta kimstari cha ada ya Universal Service (mfuko wa huduma ya mawasiliano kwa wote) ambacho hakuna anayekiangalia. Sehemu ya fedha za E-Rate, mpango wa kuzipunguzia shule na maktaba gharama za intaneti na vifaa vyake, inatoka hapo. Kwa hiyo anayesema serikali inazigawia shule na maktaba vifaa vya mtandao bure amekosea mara mbili. Mfuko huu, uliotokana na Sheria ya Mawasiliano ya 1996, unachangiwa na kampuni za simu, nazo humsogezea mteja mzigo. Waliotoka Tanzania watakumbuka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Wazo ni hilohilo.

Tena ni punguzo. Kwa huduma ya intaneti ni asilimia 20 hadi 90. Kwa vifaa vya ndani ya jengo mwisho ni 85. Wanaangalia ni wanafunzi wangapi wanastahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu, na kama shule iko mjini au kijijini. Maktaba hutumia hesabu ya wilaya ya shule ilimo. Tuchukue shule ya wanafunzi 300. Katika kipindi cha 2021 hadi 2025 kikomo cha gharama za vifaa vya ndani kilikuwa dola 167 kwa mwanafunzi, yaani dola 50,100 kwa miaka mitano. Yenye punguzo la asilimia 85 hulipiwa 42,585. Hizo 7,515 zilizobaki lazima izitafute yenyewe, na kwa shule maskini si fedha ndogo.

"Basi watoto watapata laptopu." Hili nimelisikia kwa wazazi mpaka nimechoka. Fungua kile kikabati cha chuma kinachonguruma karibu na ofisi: swichi (ya kugawa mtandao, si ya taa), ruta, nyaya za bluu, betri ya akiba chini. Hivyo ndivyo vinavyolipiwa, pamoja na visahani vya Wi-Fi darini. Laptopu na tableti hazimo. Hata ile betri, ikiwa inalisha swichi na televisheni ya mapokezi kwa pamoja, sehemu ya televisheni inakatwa kwenye hesabu.

Wengine hudhani mkuu wa shule humpigia fundi anayemjua, kazi ikaanza. Kwanza hutangazwa zabuni kwa Fomu 470, fomu ya mpango huu ya kuwaalika wauzaji, halafu watu wanasubiri siku 28. Bei ndiyo yenye uzito kuliko kigezo kingine chochote. Mkataba ukisainiwa siku ya 27, ombi linaweza kukataliwa lote, hata kama shule ina shida ya kweli. Na zawadi ya muuzaji ikizidi dola 20 ni kosa.

Shule binafsi nazo zimo, za dini pia, mradi haziendeshwi kwa faida.

Na zile habari kwamba mahakama imeufuta mpango? Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi dhidi ya mfuko mwaka 2024, lakini Juni 2025 Mahakama ya Juu iliutengua kwa kura 6 kwa 3. E-Rate ipo.

La mwisho ni la wanaomezea mate swichi kuukuu. Haiuzwi kabla ya miaka mitano tangu ifungwe, na makaratasi yake yanatunzwa miaka 10. Aghalabu swichi hutangulia kufa.