Taaluma huria na mjadala wa vitabu vya kale: maana yake

Neno "huria" katika istilahi ya taaluma huria (kwa Kiingereza liberal arts) huwapoteza wasomaji wengi, na si makosa yao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimetuzoesha kulihusisha neno hilo na masomo ya mbali, ambayo mtu huyafuata bila kuacha kazi wala mji wake, kwa hiyo tukilisikia tunafikiria mlango ulio wazi kwa kila mwombaji. Katika taaluma huria uhuru unaokusudiwa ni wa mtu mwenyewe. Warumi wa kale walitumia istilahi hiyo kwa elimu walizoona zinamfaa mtu huru, ambaye alitarajiwa kusimama mbele ya wenzake, kutoa hoja na kuamua mambo ya mji. Katika Enzi za Kati huko Ulaya elimu hizo zilihesabiwa kuwa saba: sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kusema kwa ufasaha), kisha hesabu, jometri, muziki na falaki (elimu ya nyota).

Sisi wa Lamu tuna neno ambalo, kwa maoni yangu, limeikaribia maana hiyo kuliko "huria", nalo ni uungwana. Zamani mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu na busara, awe wa nasaba yoyote. Doa la neno hilo tunalijua, kwa sababu katika pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Taaluma huria nayo ina doa kama hilo, kwani ilianza kama elimu ya wachache waliokuwa na wasaa kwa kuwa kazi zao zilifanywa na watu wengine.

Doa hilo limo ndani ya vitabu vyenyewe vya kale, ambavyo taaluma huria husomwa kwa kuvijadili, na ndiyo sababu ninapenda kuanza na Meno, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Humo mtu aitwaye Meno anamuuliza Socrates, mwalimu wa Plato, iwapo wema wa tabia unaweza kufundishwa, naye Socrates anajibu kwamba hata huo wema wenyewe hajui ni nini. Baadaye Socrates anamwita kijana mtumwa wa Meno na kumchorea mraba wenye upande wa futi 2, kisha anamtaka apate mraba wenye eneo maradufu. Kijana anasema upande uwe futi 4, anaona eneo limekuwa 16 badala ya 8. Anajaribu futi 3, anapata 9. Hapo anakiri kwamba hajui. Kwa kuulizwa swali baada ya swali anafika kwenye mstari unaokatiza mraba wa kwanza kutoka pembe hadi pembe, na huo ndio upande uliotafutwa. Msomaji wa leo hawezi kuacha kuuliza: ikiwa akili ya mtumwa inaufikia ukweli uleule, kwa hoja gani bwana wake aliitwa huru na yeye akaitwa mtumwa? Kitabu hakitoi jibu, na mjadala wa falsafa huanzia hapo.

Mjadala huo una taratibu zake. Katika chuo cha St. John's kilichoko Annapolis, Marekani, ambacho tangu mwaka 1937 kimejenga masomo yake yote juu ya vitabu vya aina hii, mkufunzi hufungua semina kwa swali, wala hatoi mhadhara. Wanafunzi wanajibizana wao kwa wao, na anayedai jambo hutakiwa kulionyesha katika maandishi. Cheo, umri na sifa ya msemaji havihesabiwi kuwa hoja. Wanaodhani kwamba huko ni kupiga soga wajaribu siku moja tu kutetea tafsiri yao mbele ya watu kumi walioisoma sura ileile usiku uliotangulia.

Orodha za vitabu hivyo zimekuwa za Kimagharibi mno, na lawama hiyo ni ya haki, ingawa hakuna chochote katika dhana yenyewe kinacholazimisha hivyo. Katika Kiswahili cha kale neno "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu, na kitabu cha kujadili tunacho.

Hapa mjini tuko watu sita tunaokutana baada ya alasiri kwenye baraza ya nyumba moja kusoma Al-Inkishafi, utenzi ambao Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mji wa kisiwa jirani na Lamu, aliutunga mwanzoni mwa karne ya 19 akiusemesha moyo wake juu ya kuporomoka kwa fahari ya mji huo. Maalim aliuliza swali moja: ikiwa dunia si kitu, mbona mshairi ameyaeleza majumba yale kwa uzuri kiasi hicho? Kijana mmoja akasema kwamba huo ni ufundi wa kuonya, kwani hasara kubwa hutisha zaidi. Mzee ambaye ameishi kwa kuchonga milango akatikisa kichwa, akayataja madaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo.

"Mwanangu, asiyeyapenda madaka yale hangekumbuka kilichowekwa ndani yake."

"Mzee wangu, ubeti upi unaokuonyesha kwamba aliyapenda?" akauliza Maalim.

Mzee akarudi kwenye ubeti wa madaka yaliyokuwa na sahani, ambayo sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, akausoma polepole. Alisema kwamba mtu anayechukia kitu hakitazami kwa karibu hivyo. Kijana akaomba ubeti unaofuata usomwe kwanza kabla hajakubali, na adhana ya magharibi ikatukuta tungali tunausoma.