Kukadiria si kubahatisha

Juma lililopita kijana mmoja alinijia hapa Kikoni, daftari kwapani. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie zoezi, ni zile hesabu za kubahatisha." Alikuwa wa tatu muhula huu kuliita hivyo somo la uchanganuzi wa kinambari, lile la kutafuta majibu ya hisabati kwa kukadiria. Wawili wa kwanza niliwanyamazia, na sasa najuta. Huyu nilimketisha.

Kukadiria, katika hisabati, ni kutaja namba iliyo karibu na jibu pamoja na mpaka ambao hitilafu yake haiwezi kuuvuka. Namba peke yake, hata ikiwa karibu namna gani, bado si kadirio.

Neno lenyewe limekuwa likitwambia hivyo siku zote. Kadiri limetoka Kiarabu, katika shina q-d-r, lenye maana ya kipimo na uwezo. Ukoo wake ni mpana: twasema kadiri ya uwezo wako, twasema kudura ya Mungu, twasema kadari, yaani yale ambayo mja amepimiwa na Mola wake. Hapo hapana bahati hata chembe. Tanzania, mtaalamu anayepiga hesabu ya saruji, nondo na matofali kabla msingi haujachimbwa huitwa mkadiriaji majenzi, na hakuna mwenye fedha zake atakayemwajiri mtu ajenge kwa kubahatisha. Bahati ni la ukoo mwingine kabisa. Asili yake ni Kiajemi, bakht, fungu linalomwangukia mtu. Mwenye kubahatisha hana anachopima, anangoja kuangukiwa. Kukisia ndilo limekaa katikati, mara huku mara kule, na kwa sababu hiyo silitumii ninapofundisha.

Nadhani hapa Kampala mkanganyiko una mlango wake. Wengi wetu Luganda ndicho kinachotujia kwanza, na okuteebereza hutosha kwa kudhani na kwa kukadiria pia. Ukilihamishia neno hilo kwenye Kiswahili, ni rahisi kushika tawi lisilo lake. Luganda hakina kosa. Ila Kiswahili kimetupa maneno mawili, nasi tunayakunja kuwa moja.

Sasa zoezi lenyewe. Swali lilitaka x ambayo ni sawa na cos x (kosini ya x), kwa radiani, yaani kipimo cha pembe kilicho tofauti na digrii. Mlinganyo huu hautatuliki kwa kuhamisha herufi upande huu na ule, umefanywa kwa ajili ya kukadiriwa. Kijana alikuwa ameandika 0.74 na kupewa alama kidogo. Aliumia. "Lakini mwalimu, si ni makadirio tu?" Nikamuuliza alijuaje kwamba si 0.71. Akasema alijaribu-jaribu.

Lile "tu" ndilo linalonichoma. Kuna kibao cha udongo cha Babeli, cha kati ya 1800 na 1600 K.K., chenye kipeuo cha pili cha 2 kilichokadiriwa kwa hitilafu isiyofika hata moja ya milioni. Mwandishi wake hakuwa akijaribu-jaribu.

Tukaanza upya. Chukua x ukatoe cos x; tofauti ikiwa 0, hapo ndipo penye jibu. Kwenye 0 unapata -1, kwenye 1 unapata kama 0.46. Tofauti imegeuka kutoka hasi kuwa chanya, na mchoro wake haukatiki, kwa hiyo jibu limenaswa katikati. Gawa nusu: kwenye 0.5 ni hasi bado. Gawa tena: kwenye 0.75 ni chanya. Basi jibu liko kati ya 0.5 na 0.75, na hilo si dhana, ni hakika. Kila ukigawa, nafasi inabaki nusu. Ukigawa mara 10 unabakiwa na nafasi ya 1 kwa 1024, iliyo chini ya 0.001.

Hapo nikamkumbuka yule wa pili niliyemnyamazia. Kwa swali hili hili, alibonyeza cos mara kwa mara mpaka kioo cha kikokotoo kikatulia kwenye 0.99985, akaridhika, maana tarakimu hazikutikisika tena. Kikokotoo chake kilikuwa kwenye digrii. Angekuwa na mpaka mkononi, angeona papo hapo kwamba juu ya 0.75 hakuna jibu la kutafuta. Kutulia kwa kioo hakumwambii mtu chochote kama hajui jibu limefungiwa wapi.

Kijana aligawa mwenyewe, hatua kwa hatua, ulimi nje kidogo kama fundi anayetunga uzi kwenye sindano. Alipofika ya kumi aliandika 0.739, akataka kufunga daftari. Nikamshika mkono. Akafikiri, kisha akaongeza pembeni: hitilafu haizidi 0.001.

"Sasa umekadiria," nikamwambia. "Na ukija tena, sema unataka kusaidiwa kukadiria."