"Atazoea tu" na mengine wanayoambiwa vijana wa ughaibuni

Nilihama nchi nikiwa na miaka 14, na kila aliyepiga simu kutusalimu alimaliza kwa neno lilelile: "Atazoea tu, bado mtoto." Walikuwa na nia njema. Ila neno hilo limebeba mambo kadhaa ambayo watu huyachukulia kuwa kweli kuhusu vijana wanaokulia ughaibuni, na mengi si kweli, au ni kweli nusu. Hiyo nusu ndiyo inayosumbua zaidi.

Dhana: Watoto hushika lugha upesi, kwa hiyo shule haitamshinda.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Ni kweli kwamba lugha ya uwanjani kijana huishika haraka. Katika miaka 2 hivi anaweza kutaniana, kugombana na kuazima kalamu bila mtu kumgeukia. Lugha ya kitabu cha biolojia ni habari nyingine. Mtaalamu wa elimu Jim Cummins alizitenganisha lugha hizi mbili mwaka 1979, na takwimu za wanafunzi wahamiaji nchini Kanada zikaonyesha kwamba ile ya masomo huchukua kama miaka 5 hadi 7 kufikia kiwango cha wenzao waliozaliwa nayo. Piga hesabu. Aliyefika na miaka 14 atafanya mitihani ya mwisho ya sekondari kabla muda huo haujatimia. Mwalimu anamsikia akipiga soga vizuri koridoni, kisha anasoma insha yake na kuamua kwamba ni mvivu.

Tena kuna lugha ya tatu, ambayo haimo katika hesabu ya mtu yeyote: ya vichekesho. Mwaka wangu wa kwanza nilicheka kwa kuchelewa. Mtu alisema kitu, meza nzima ikaangua kicheko, mimi bado natafuta kitenzi kiko wapi. Nikajifunza kutazama midomo ya aliyekaa mbele yangu. Ikianza kukunjuka tu, nacheka. Siku moja nikacheka hivyo, kwa sauti, kumbe msichana yule alikuwa anasimulia jinsi mbwa wao alivyokufa. Lile nililodhani ni tabasamu lilikuwa la kuzuia kilio. Wiki nzima iliyofuata nilishinda maktaba wakati wa mapumziko.

Dhana: Hana marafiki kwa sababu ana haya. Au anaringa.

Mimi niliambiwa yote mawili, na watu walewale. Ukweli ni kwamba urafiki hula saa nyingi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti juu ya watu wazima waliohamia mji mpya na wanafunzi waliokuwa wanaanza chuo. Kutoka kufahamiana tu hadi kuwa marafiki wa kawaida kulichukua kama saa 50. Kufikia urafiki hasa, kama saa 90. Na kuwa marafiki wa chanda na pete, zaidi ya saa 200. Tena muda wa kukaa darasa moja au kufanya kazi pamoja haukusaidia sana. Uliohesabika ni ule wa kupiga soga, kucheza, kuzurura.

Waliochunguzwa hawakuwa vijana wa sekondari, lakini jaribu hesabu hiyo kwa mtoto ambaye saa zake za kuzurura ni mapumziko ya dakika 20 kila siku ya shule. Kwa wiki anapata saa 1 na dakika 40. Saa 50 zitamchukua wiki 30 za masomo, karibu mwaka mzima wa shule, na hapo amefika urafiki wa kawaida tu. Wenzake walikwisha kuzitumia saa zao tangu chekechea. Naye kengele ya mwisho ikilia, anawahi nyumbani kuangalia wadogo zake, au kumsindikiza mama kliniki akawe mkalimani, kwa sababu nyumba nzima ni yeye anayeelewa. Hapo haya iko wapi?

Rafiki yangu wa kwanza alikuwa mgeni mwenzangu, kutoka nchi ambayo lugha yake sikujua hata salamu. Tuliongea lugha ya pale tulipofikia, sote tukiivunjavunja, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Mwanasosholojia Ruth Hill Useem, katika miaka ya 1950, aliwaita watoto waliokulia nje ya nchi za wazazi wao watoto wa utamaduni wa tatu: wa kwanza ni wa kwao, wa pili wa nchi waliyohamia, wa tatu ni ule wanaoujua wanaoishi kati ya hizo mbili. Nilipokutana na jina hilo ukubwani, nikamkumbuka rafiki yangu huyo.

Dhana: Akiambatana na wenzake wa kwao hatajichanganya na wenyeji.

Kwa hofu hii, wazazi wengine huwakataza watoto kuongea lugha ya kwao, na walimu wengine huwatenganisha ndugu wasikae dawati moja. Mwaka 2006, mwanasaikolojia John Berry na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa vijana wahamiaji zaidi ya 5,000, wa miaka 13 hadi 18, katika nchi 13. Walioshika pande zote mbili, marafiki wa kwao na marafiki wa pale, ndio walioendelea vizuri zaidi, kimoyo na kishule. Waliobaki wananing'inia bila upande ndio waliopata taabu.

Dhana: Anayechanganya lugha hajui hata moja.

Kinyume chake. Mwanaisimu Shana Poplack aliwasikiliza Wapuerto Rico wa New York, na mwaka 1980 akaonyesha kwamba waliozimudu lugha zote mbili, Kihispania na Kiingereza, ndio waliozichanganya katikati ya sentensi, bila kuvunja sarufi ya upande wowote. Mtu asiyejua lugha vizuri hathubutu kuruka katikati ya sentensi. Hudonoa neno moja moja pembeni. (Shangazi yangu hajakubali hadi leo.)

Dhana: Marafiki wa zamani wapo, watamsubiri.

Kwa sababu ya tofauti ya saa, kundi letu la gumzo lilichangamka saa 8 usiku kwangu. Nilikuwa nasoma chini ya blanketi, mwangaza wa simu umepunguzwa, baba asije akaona. Mwanzoni walinieleza kila kitu: nani kagombana na nani, nani kahamishwa darasa. Kisha wakaacha kueleza. Hawakunichoka, walisahau tu kwamba kuna mtu hakuwepo.

Baada ya miaka 3 nikarudi likizo. Walinikalisha katikati kama mgeni rasmi. Mmoja akataja jina la mwalimu aliyekuja baada yangu, akaigiza anavyosafisha miwani, wote wakavunjika mbavu. Nikatazama midomo ya aliyekaa mbele yangu, nikacheka.