Nani huzima kompyuta yako, wewe au stima?

Haipiti wiki bila mteja kuniuliza: "Fundi, hii mashine niizime usiku ama niiache iwake?" Nilipoweka meza yangu ya kwanza karibu na Luthuli Avenue nilikuwa najibu nilivyofundishwa: iache, kuwasha na kuzima ndiko kunakoiua. Siku hizi sijibu hivyo. Kwa nyumba nyingi za Nairobi jibu langu ni uizime, na sababu kubwa si ile watu wanayoitarajia.

Mwezi wa tano mwalimu mmoja wa mtaa wa Umoja aliniletea sipiyu yake, ameifunga kwa leso ili mvua isiinyeshee. Ndani mlikuwa na mitihani ya muhula mzima. "Jana ilikuwa sawa kabisa. Stima ikapotea usiku, asubuhi kuwasha, inaleta maandishi meupe tu." Nilitoa diski, nikaichomeka kwenye mashine yangu na kufungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ambayo naisihi kila mtu awe nayo. Diski ina daftari lake la ndani, na programu hiyo hulisoma. Mstari wa 09 ni saa ambazo diski imefanya kazi tangu iwe mpya. Mstari wa 0C ni mara ambazo imepata umeme upya baada ya kuzimika. Ya mwalimu ilisoma saa 24,600 na mara 417.

Nikamuuliza, "Mwalimu, huwa unaizima?"

"Hata siku moja. Niliambiwa ni vibaya."

Na kweli, kwenye mipangilio mashine ilikuwa imekatazwa hata kulala, yaani kupumzika bila kuzimika. Diski niliifunga mimi mwenyewe, karibu miaka mitatu kabla. Basi kama yeye hajawahi kuizima, zile mara 417 zilitoka wapi? Ni stima. Stima kupotea, stima kupepesa kwa nusu sekunde, tokeni za umeme kuisha saa nane usiku. Mara kumi na mbili hivi kila mwezi mashine yake ilikuwa inazimwa kwa njia mbaya kuliko zote, huku mwenyewe akiamini anaitunza.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tunapima kuzima dhidi ya kuacha, kana kwamba ukiiacha itabaki inawaka. Kwetu haibaki.

Diski ya sahani ikikatiwa umeme ghafla hufanya jambo ninalolistaajabia hadi leo. Sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika hazisimami papo hapo, na katika sekunde hizo za mwisho mota hugeuka jenereta ndogo: umeme wake ndio unaovuta vichwa vya kusomea kutoka juu ya sahani kabla havijaigusa. Kwa hiyo diski yenyewe mara nyingi hupona. Kisichopona ni kile kilichokuwa kikiandikwa. Windows haiandiki kila kitu palepale. Vingine hukaa kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kwenye kumbukumbu ndogo ya diski vikisubiri zamu. Stima ikikatika katikati, faili hubaki nusu, au orodha inayosema faili iko wapi hubaki nusu, na hilo la pili ndilo baya zaidi. Usidhani usiku hakuna kinachoandikwa kwa kuwa wewe umelala. Masasisho ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu hiyo huwa saa mbili au saa tatu usiku. Mashine iliyoachwa ikiwaka huenda ikawa inajisasisha wakati huohuo tokeni zinapokata roho.

Ushauri wa kuacha mashine iwake una asili yake, na haukuwa wa kipuuzi. ENIAC, ile kompyuta kubwa ya Marekani iliyozinduliwa mwaka 1946, ilikuwa na taa za vakyumu (mirija ya kioo iliyofanya kazi ya swichi) zaidi ya 17,000, na taa hizo ziliungua zaidi wakati wa kupata joto na wakati wa kupoa. Waliokuwa wakiitunza waliona heri isizimwe. Kuanzia Julai 1947 iliachwa ikiwaka hadi Oktoba 1955. Baadaye taa ziliondoka, lakini ushauri ulibaki. Ni kweli kwamba hata bodi za leo hupanuka zikipata joto na kunywea zikipoa, na solda huchoka. Ila kuwasha mara moja kwa siku kwa miaka kumi hakufiki mara 4,000, na katika mashine ninazofungua sijaona ambayo ningeapa kuwa iliuawa na hilo.

Ninachokiona ni joto na vumbi. Fungua pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ya mashine iliyowaka miaka minne mfululizo katika fleti inayopakana na barabara ya vumbi. Feni imevaa koti la kijivu. Nyuma yake kuna vimkebe vidogo vya kapasita, ambavyo vikiwa vizima kichwa chao ni bapa kama kifuniko cha soda. Hapa viwili vitatu vimetuna, kimoja kimevuja uji wa kahawia uliokauka. Ndani ya kapasita za aina hii mna majimaji, nayo hukauka kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukipunguza joto lake kwa nyuzi 10, maisha yake huongezeka maradufu. Kila usiku mashine inapopumzika, kapasita zinapumzika pia.

Kuhusu tokeni, nitumie shilingi 30 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi. Kompyuta ya mezani isiyofanya kitu, skrini imezimwa, hula wati 60 hivi. Toka saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa 14, yaani uniti 0.84 kwa usiku, uniti 25 kwa mwezi. Hizo ni kama shilingi 750 kila mwezi kwa mashine isiyotumiwa na mtu. Ikilala badala ya kuwaka hula wati mbili tu, na mwezi mzima hautafika shilingi 30. Laptopu hula umeme mdogo kuliko kompyuta ya mezani, na kwa upande wa pesa sioni cha kugombania.

Mchana mimi huiacha ilale. Kulala hufaa ukienda kupika au kumchukua mtoto shuleni, mradi umehifadhi kazi yako, kwa sababu kinachoshikilia kazi ni RAM na RAM husahau umeme ukikatika. Haibaneti (hibernate) ni tofauti: huandika yote kwenye diski kisha mashine ikazimika kabisa, hata stima ikipotea unakuta kila kitu mahali pake. Wenye laptopu wana betri, basi stima si tishio kwao kwa namna hii. Tatizo lao ni kuchaji mchana kutwa, maana betri ya lithiamu ikikaa imejaa asilimia 100 tena kwa joto huzeeka haraka. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80. Uweke.

Jambo moja huwashangaza wengi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, mashine kwa kawaida haianzi upya kesho yake. Huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha asubuhi, ndiyo maana huwaka upesi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya utendaji, utazame prosesa: hapo pameandikwa mfumo umekuwa macho kwa muda gani. Nimeona siku 60 kwenye mashine inayozimwa kila jioni! Uchafu wote wa miezi miwili umo humo. Kinachousafisha ni kuristati, si kuzima. Ristati mara moja kwa wiki, kisha zima kama kawaida.

Stima ikipotea ghafla ukiwa nyumbani, inuka uzime swichi ya ukutani. Hili nalisisitiza kuliko yote. Inaporudi, friji, pampu na mota za mtaa mzima huamka pamoja, na volteji hupanda na kushuka kabla haijatulia kwenye 240. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipokosa stima, nilijua wiki itakayofuata meza itajaa pawa saplai, na ilijaa. Mvua ya radi pia, chomoa, pamoja na kebo ya intaneti. Lakini usizime ukutani kila usiku bila sababu: umeme mdogo unaobaki ndio unaoitunza saa ya ndani, na ukiukata, kibetri cha CR2032 kwenye mazabodi, bodi kuu ya mashine, ndicho kinachobeba mzigo. Kikiisha, tarehe inarudi nyuma miaka na tovuti za benki zinakukataa.

Mitihani ya mwalimu niliipata yote isipokuwa karatasi moja ya Kidato cha Pili aliyokuwa akiichapa usiku ule. Alinunua UPS ndogo, betri ya akiba inayompa dakika kumi tu za kuhifadhi na kuzima, na sasa huzima saa nne akienda kulala. Alipopita mwezi wa nane nilisoma diski mpya niliyomwekea. Mstari wa 0C unapanda haraka kuliko ule wa zamani, na alipouona alishtuka. Nikamhesabia siku: karibu kila moja ya mara hizo ni yeye aliyezima.