Je, wajua kwa nini uyoga uliokauka miaka mia bado hutunzwa?

Ukipita msitu wa Karura baada ya masika, inama kwenye gogo linalooza. Huenda ukaona kijikombe laini kisicho na kofia kama uyoga wa sokoni. Huo ni uyoga wa kikombe. Jamii za Cookeina, zinazoota katika misitu ya tropiki, huwa na rangi ya waridi au machungwa inayopendeza mno. Lakini uuchume, uuanike: hujikunja kama ganda la chungwa lililosahauliwa juani, na rangi hufifia. Sasa wa nini?

Jibu limo ndani ya kikombe. Ukuta ule umepangwa vifuko vyembamba, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kwa kawaida kikiwa na spora 8, yaani vijimbegu vya uyoga. Kuta za seli zake zina kaitini, ile ile iliyo kwenye gamba la mende, nayo haiozi upesi ikikaa pakavu. Mtaalamu huchukua kipande kidogo na kukilowesha kwa maji au hidroksidi ya potasiamu. Kinavimba, vifuko vinasimama tena, na spora zinahesabika chini ya hadubini. Tone la iodini likizigeuza ncha za vifuko kuwa za buluu, kuna uwezekano mkubwa ni Peziza, jamii nyingine ya uyoga wa kikombe, au ndugu zake wa karibu.

Rangi ya ubichi, hata hivyo, hairudi kwa dawa yoyote. Ndiyo maana lebo ya bahasha unamotunzwa uyoga mkavu naiona sawa na uyoga wenyewe: mahali, tarehe, mti ambao uyoga uliota juu yake, rangi siku ya kuchumwa. Msitu ukishafyekwa, bahasha hiyo inabaki kuwa shahidi wake.

Hapa Nairobi, Hebaria ya Afrika Mashariki, hazina ya sampuli zilizokaushwa iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, hutunza mimea na kuvu. Ilianzia Amani, Tanzania, mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1950. Adui mkubwa wa makusanyo ya namna hii ni unyevu na wadudu watoboaji, kwa hiyo sampuli mpya hugandishwa kwanza ili wafe.

Kipande kikishaloweshwa hakirudi kilivyokuwa. Kwa hiyo hukatwa kidogo kuliko punje ya mchele, kisha mkataji huandika kijikaratasi na kukiacha ndani ya bahasha: nani alikata, lini, na aliona nini.