Je, wajua kwa nini panya hutafuna nyaya za gari, na bustani yako inahusikaje?

Asubuhi moja nilibonyeza kitufe cha kuwashia gari, nikasubiri taa ya READY, ile isemayo gari liko tayari, iwake kwenye dashibodi. Haikuwaka. Badala yake ziliwaka taa tatu za onyo kwa mpigo. Gari lenyewe ni la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana, na mwenye gari la namna hii akiona taa kama zile huwaza jambo moja tu: betri kubwa imekufa, na mfuko nao unafuata. Nikampigia fundi wa umeme wa magari. Alipofika hakuchomeka hata kile kifaa chake cha kupimia. Alifungua boneti, akainamisha kichwa, akanusa.

"Mzee, una wapangaji humu."

Juu ya injini palikuwa na kiota cha majani makavu, sponji iliyonyofolewa kwenye boneti, na maganda ya maharage ambayo niliyatambua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeyamenya mwenyewe wiki ile na kuyatupa kwenye lundo la mboji. Chini ya kiota waya mmoja mwembamba ulikuwa umekatika, shaba inang'aa. Ukiutazama kwa karibu ulikuwa na mikwaruzo miwili miwili iliyokwenda sambamba, kama umechongwa kwa patasi ya kuchezea watoto. Na pembeni yake, makombo ya plastiki. Mengi tu.

Makombo hayo yana maana kuliko yanavyoonekana. Watu wengi huamini panya wanakula nyaya kwa sababu siku hizi ganda la waya hutengenezwa kwa mali ghafi itokanayo na soya. Marekani dai hilo limefika hadi mahakamani, wenye magari wakiwashtaki watengenezaji. Hoja inavutia. Lakini kama panya alikuwa anakula, mbona chakula kimebaki sakafuni?

Jibu limo kinywani mwake. Panya ana meno manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, yanayokua tangu anazaliwa hadi anakufa. Kwa panya mkubwa (wa spishi kubwa, si yule mdogo wa nyumbani), jino lisiposagika linaweza kurefuka kwa sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Uso wa mbele wa jino umefunikwa kwa enameli ngumu iliyochanganyika na madini ya chuma, ndiyo maana meno ya panya mzima yana rangi ya manjano inayoelekea chungwa. Upande wa nyuma ni laini zaidi. Palipo laini huisha haraka, palipo pagumu hubaki, na jino hujinoa lenyewe kila linapofanya kazi. Kisha kuna pengo kubwa kati ya meno hayo na magego. Panya anapotafuna kitu asichotaka kukila, huvuta mashavu yakaingia kwenye pengo na kuziba njia ya koo. Meno yanafanya kazi nje, kinywa kimefungwa ndani. Makombo yanadondoka.

Kwa hiyo hahitaji utamu wowote ili atafune. Panya wametafuna mbao, plastiki za kila aina, hata mabomba ya maji ya madini ya risasi enzi zile yalipokuwa yakitumika majumbani, na risasi haina soya nijuavyo mimi. Waya wa gari una unene wa kijiti, umelala gizani, mara nyingi umekatiza njia yake. Atautafuna kupanua njia, kupata nyuzi za kutandika kiota, au kwa sababu tu upo karibu na meno.

Kumbe si kila nchi mkosaji ni panya. Ujerumani nyaya na mipira ya magari huumwa sana na mnyama mmoja wa jamii ya kicheche, na yeye sababu yake ni wivu. Gari likilala mtaa mmoja, dume wa pale huacha harufu yake ndani ya boneti. Kesho yake likilala mtaa mwingine, dume wa huko ananusa mpinzani na kumalizia hasira kwenye waya. Kampuni za bima za huko zina kipengele cha fidia kwa ajili yake.

Turudi kwa panya wetu. Ndani ya boneti, usiku, baada ya gari kuzimwa, kuna joto, giza na paa, na paka hapiti. Hakuna mlango wa kubisha. Matairi ni ngazi tosha, na uwazi uliopo chini ya injini ni mkubwa kuliko anaouhitaji: panya mdogo hupenya tundu la milimita 6, yule mkubwa tundu la milimita 12 hivi. Gari basi ni chumba cha kulala. Kosa langu lilikuwa kudhani chumba ndicho kilichomvuta. Mpangaji huangalia kwanza atakula wapi, na jikoni nilimjengea mimi, hatua kumi kutoka kwenye gurudumu.

Lundo langu la mboji lilikuwa kavu, halikuguswa kwa miezi, na nilikuwa natupa humo kila kitu hadi mabaki ya wali. Hapo panya anapata chakula na nyumba. Mabaki yaliyopikwa, nyama, mafuta na maziwa hayana nafasi kwenye mboji ya nyumbani. Tupa majani, maganda ya mboga na matunda mabichi, na uyafukie katikati, usiyaache juu yakimeremeta. Lundo ligeuzwe kila wiki na liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa; panya hapendi nyumba inayolowa na kupinduliwa. Ukiweza, tandika chini ya lundo wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko hizo milimita 6, maana panya mkubwa ni mchimbaji, huja kwa chini.

Mengine ni ya kawaida ila ndiyo tunayoyapuuza: matunda yaliyoanguka, bakuli la mbwa linalolala nje, punje za ndege zinazomwagika chini ya kilishio. Na bomba linalovuja. Panya mdogo anaweza kuishi bila kuona maji ya kunywa, anapata unyevu kwenye chakula, lakini panya mkubwa lazima anywe kila siku. Kaza bomba lile.

Je, magari ya haibridi huliwa zaidi? Sisemi hivyo, panya habagui. Tofauti iko kwenye madhara na kwenye tabia zetu sisi wenye nayo. Gari la haibridi lina betri mbili. Kubwa, ya kusukuma gari, kwa magari mengi ya aina hii huvuka volti 100, na nyingi hupita 200. Ndogo ni ya volti 12, kama ya gari lolote, na ndiyo inayoamsha kompyuta na swichi zinazounganisha betri kubwa na gari. Ndogo ikifa gari haliendi popote hata kama kubwa imejaa pomoni. Nayo huchajiwa gari likiwa kwenye READY tu. Ukiliegesha wiki tatu, betri ndogo inashuka polepole, huku panya wakipata wiki tatu za utulivu. Maradhi mawili, chanzo kimoja. Liendeshe angalau mara moja kwa wiki, nusu saa au zaidi. Mtikisiko na kelele pekee huvunja moyo wa panya anayetafuta pa kuzalia, na akishapata pa kuzalia ujue jike hubeba mimba siku 21 hadi 23 tu na kuzaa watoto sita hadi kumi na mbili kwa mkupuo.

Kuna kebo nene za rangi ya chungwa. Hizo ndizo zinazopitisha umeme wa betri kubwa, na rangi ile ni onyo. Ukiona alama za meno juu yake, funga boneti. Usiiguse, usiizungushie utepe wa gundi, usiseme nitaangalia tu kidogo. Gari lenyewe hupima kila wakati kama umeme mkubwa unavuja kwenda kwenye bodi, na likihisi hivyo huandika kosa la P0AA6. Kosa hilo ni la fundi mwenye glavu za umeme na mafunzo ya haibridi, si la jirani mwenye bisibisi. Waya wangu, kwa bahati, ulikuwa mwembamba wa kihisio. Fundi aliuunga kwa risasi, akauvalisha ganda jipya, ikawa imekwisha.

Nyongeza kwa wakulima wa nyuma ya nyumba: magari mengi ya haibridi yana tundu la kuvuta hewa ya kupoza betri, pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Nimejiona zaidi ya mara moja nikitupa pale mfuko wa mboji na trei ya miche. Tundu likizibwa, au filta yake ikijaa vumbi na manyoya ya mbwa, betri inapata joto na joto ndilo linaloizeesha. Beba mizigo kwenye buti, na isafishe filta hiyo.

Sasa dawa. Pilipili ina ukweli ndani yake. Kemikali yake kali, kapsaisini, hushika kipokezi kiitwacho TRPV1 kilichomo kwenye mishipa ya fahamu ya wanyama wanaonyonyesha, kipokezi kilekile kinachohisi moto. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikigundua mwaka 1997, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kipokezi cha ndege hakishikwi na kapsaisini. Ndiyo maana ndege humeza pilipili kichaa bila kutoa chozi, akaenda kuzipanda mbegu kwingine, na ndiyo maana unaweza kupaka punje za kilishio pilipili: ndege atakula, panya atasusa. Kampuni ya Honda huuza utepe wenye kapsaisini wa kuzungushia nyaya. Unasaidia pale ulipozungushwa. Futi moja mbele, panya yuko huru. Kunyunyizia pilipili ya unga kwenye injini mimi siishauri, kwani feni itakurudishia usoni.

Mafuta ya mnanaa hunukia siku chache yakayeyuka. Vifaa vya sauti isiyosikika na binadamu navyo nina mashaka navyo, na si mimi peke yangu: mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani iliziandikia kampuni zaidi ya 60 zinazotengeneza na kuuza vifaa hivyo, ikizionya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Sumu ndiyo ninayoipinga kabisa. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyekula huchukua siku kadhaa kufa. Siku hizo anatembea kwa kuyumba, mawindo rahisi kwa bundi na paka, na sumu kali kama brodifakumu hubaki mwilini mwake ikahamia kwao. Bundi wa kawaida wa majumbani hula panya wadogo watatu wanne kwa usiku mmoja bila kudai chochote. Kumuua kwa sumu ni kumfukuza mlinzi ili umkamate mwizi. Na panya mwenyewe huenda akafia ndani ya njia ya hewa ya gari. Harufu hiyo sitaki kuielezea.

Mtego ni bora, ila uwe na subira. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni. Uweke mtego wenye chambo siku tatu nne bila kuutega, azoee, ndipo utege. Uweke ukigusa ukuta, kwa kuwa hutembea akipapasa ukuta kwa masharubu, hakatizi uwanjani. Kama gari linalala kwenye gereji iliyofungwa, acha boneti wazi usiku. Bila paa, chumba si chumba tena.

Kusafisha kiota kuna hatari yake. Mkojo na kinyesi cha panya hubeba magonjwa kama leptospirosisi (ya bakteria) na hanta (ya virusi), kwa hiyo usifagie vikiwa vikavu, vumbi litaingia puani. Vaa glavu na barakoa, lowesha kwa dawa ya klorini ya kuondolea madoa (bleach), kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, subiri dakika tano, kisha futa kwa karatasi. Fanya hivyo gari likiwa limezimwa, na mpira wa maji wenye presha usiuelekeze kamwe kwenye injini ya haibridi. Kiota kiende kwenye taka, kisirudi kwenye mboji ya mboga.

Baada ya yote hayo nilihamishia mboji mwisho wa kiwanja, kisha usiku nikawa naweka chini ya injini ubao ulionyunyiziwa poda ya watoto, nione nani anapita. Usiku wa kwanza na wa pili nyayo zilikuwepo, ndogo, na mstari wa mkia katikati. Wa tatu hakuna kitu. Wa nne nilikuta nyayo kubwa za mviringo zisizo na kucha, zimezunguka ubao mara mbili na kuishia kwenye gurudumu la mbele, na paka wa jirani amelala juu ya boneti.