Umelipa, lakini tiketi ipo? Dhana potofu kuhusu safari zinazouzwa mtandaoni

Kununua safari kwenye simu kumekuwa rahisi mno, ila muuzaji haelezi kinachotokea ukishabonyeza "Lipa". Pengo hilo limejaa maneno ya kusikia. Mengine hayadhuru, mengine humwacha abiria kaunta ya uwanja wa ndege, mzigo mkononi, hana kiti.

"Nimelipa na nimetumiwa namba, basi nina tiketi"

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoumiza watu. Ile namba fupi ya herufi na tarakimu 6 ni namba ya buking. Inathibitisha kwamba jina lako limeingizwa kwenye mfumo na kiti kimeshikwa, basi. Tiketi ni kitu kingine. Kwa mashirika mengi ya ndege ina namba yake ya tarakimu 13, na 3 za mwanzo hulitambulisha shirika lililoitoa. Buking isiyokatiwa tiketi huwekewa muda wa mwisho, na muda huo ukipita mfumo huifuta bila kumuuliza mtu.

Ndiyo maana inawezekana benki ikaonyesha umelipa huku shirika la ndege halina tiketi yako: wakala kapokea pesa, ila ukataji wa tiketi umekwama njiani. Ukipata barua pepe ya uthibitisho, zitafute zile tarakimu 13. Usipoziona, mtafute aliyekuuzia siku hiyohiyo. (Baadhi ya mashirika ya bei nafuu hayatumii tiketi za aina hii, kwao buking iliyothibitishwa inatosha.) Na tovuti ya shirika ikiikataa namba uliyopewa na wakala, usidhani umetapeliwa. Mfumo wa wakala na wa shirika unaweza kuipa buking moja namba mbili tofauti. Mwombe wakala ile ya shirika.

"Tovuti imeona natafuta sana, ikapandisha bei"

Watu hufuta vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye simu ili ikutambue), hubadilisha simu, hutafuta usiku wa manane. Tovuti kweli hufuatilia wateja, hasa kwa ajili ya matangazo, lakini bei inayobadilika mbele ya macho yako kwa kawaida ina sababu nyingine.

Viti vya daraja la kawaida vimegawanywa katika makundi ya nauli, kila kundi na herufi yake. Skrini ya wakala inaweza kuonyesha Y9 M4 K2, yaani K, tuseme ndiyo nauli ya chini, imebaki na viti 2, na M ina 4. Ile 9 mara nyingi ina maana ya 9 au zaidi. Sasa familia ya watu 3 inatafuta kwa pamoja. K haiwatoshi, kwa hiyo mifumo mingi itawapandisha wote 3 hadi bei ya M, hata wale 2 ambao wangeenea kwenye K. Tafuta tena kwa abiria 1 au 2 ulinganishe. Ila ukigawanya buking, ujue safari ikivurugika mnaweza kupangiwa ndege tofauti.

Sababu ya pili: ukurasa wa matokeo mara nyingi huonyesha bei iliyohifadhiwa kutoka utafutaji wa awali. Shirika huulizwa upya unapokaribia kulipa, na hapo ndipo ukweli hujitokeza.

"NDC ni mfumo mpya uliokuja kuziua Amadeus na Sabre"

Amadeus na Sabre ni mifumo mikubwa ya usambazaji, ambayo mawakala huitumia kutafuta na kuuza safari. NDC (New Distribution Capability) si mfumo wa aina hiyo. Ni kiwango, yaani makubaliano ya jinsi ya kuandika ujumbe kati ya shirika la ndege na muuzaji, na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ilikianzisha mwaka 2012. Kwa utaratibu wa zamani, nauli huwasilishwa ATPCO, kampuni inayokusanya nauli za mashirika ya ndege, na mifumo mikubwa ya usambazaji huziunganisha na ratiba na viti vilivyopo ili kupata bei. Kwa NDC, shirika lenyewe hutunga ofa: kiti, mzigo na bei kwa pamoja. Amadeus, Sabre na mwenzao Travelport nazo huuza ofa hizo. Kilichobadilika ni nani anayetunga bei, na kwa maoni yangu hilo linamhusu abiria moja kwa moja, kwa kuwa ndege ileile sasa inaweza kuwa na bei tofauti kulingana na njia unayonunulia.

"Kiwango kikishakuwepo, mifumo yote inaelewana"

Natamani ingekuwa hivyo. OpenTravel Alliance, muungano wa kampuni za usafiri ulioanzishwa mwaka 1999, umeandaa miundo ya pamoja ya ujumbe kwa hoteli, magari ya kukodi na ndege, lakini sehemu nyingi za ujumbe huo ni za hiari, na kila kampuni hujaza inavyoona. Viwanja vya ndege vina herufi zao 3 zinazotambulika kila mahali; hoteli hazina kitambulisho kimoja kinachokubaliwa na wote. Ndiyo sababu hoteli moja hujitokeza mara mbili kwenye tovuti moja, kwa majina yaliyoandikwa tofauti kidogo.

Matatizo zaidi yako kwenye ombi maalumu. Aina ya chumba na tarehe husafiri kama data ambayo mashine ya hoteli inaielewa. "Tunaomba vitanda viwili" ulichoandika kwenye kisanduku cha maoni husafiri kama maandishi tu. Hakibadilishi chumba ulichohifadhi mpaka mtu wa mapokezi afungue buking yako na kukisoma, kwa hiyo wapigie simu kabla hujafika.